Viazi vya Gaudiosa na Ndoo ya Kunigunda

Gaudiosa anasugua kiazi kwa dodoki, anakikagua, anakiweka. Anakichukua tena. Asubuhi yote hajakaa. Gari likinguruma nje anachungulia dirishani, ingawa anajua makuli wa ghala la kahawa hawaji kabla ya saa saba.

Leo wanakuja kuonja. Wakiridhika, atawapikia msimu mzima. Wakinuna, basi tena.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa, Mbinga imejaa watu wenye njaa na haraka. Msimu uliopita, wa 1995, mama huyu wa watoto wanne alijaribu bahati yake kwa viazi vya kuchemsha na maganda yake, pembeni ya samaki wa kutoka Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Makuli hawakuvigusa. Huku milimani ganda la kiazi ni la nguruwe, na kumwekea mtu mzima sahanini ni kumtukana.

"Vyote viliishia kwenye ndoo yangu," anacheka jirani yake, Kunigunda, ambaye kila alasiri hupita kuchukua makombo ya nguruwe wake. "Nilimwambia, dada, si umenye tu?"

Gaudiosa hamenyi. Mwanawe Raimundi alipokonda, nesi wa kliniki alimfundisha kwamba kiazi kikimenywa kabla ya kuchemshwa, vitamini nyingi humwagwa pamoja na maji.

"Kilichomwinua mwanangu niwape nguruwe? Siwezi," anasema, akichukua kiazi kingine.

Safari hii amebadili ukataji na upishi tu. Vyenye ukijani anavitupa. Vizima anavikata duara nyembamba, anavichemsha kwa maji kidogo mpaka yakauke, kisha anavigeuza kwenye kitunguu na mafuta kiasi.

"Atakayetaka kumenya hivi, amenye mpaka jua lizame."

Makuli wanaingia. Msimamizi wao, Kombo, anainua kipande, anakitazama, anakitafuna taratibu. Gaudiosa ameng'ang'ania pindo la kanga, hofu imemjaa.

"Mama Raimundi," anaita Kombo wote wakishamaliza kula, "hivi vimebaki?"

Havijabaki. "Basi kesho ongeza sufuria. Tutakuwa wateja wako mpaka kahawa iishe."

Alasiri Kunigunda anaingia na ndoo yake. Sahanini imebaki miiba ya samaki tu.

"Sasa nguruwe wangu wale nini?"

Gaudiosa anakaa, mara ya kwanza tangu asubuhi. Msimu ukiisha, anasema, atajenga kibanda chake mwenyewe karibu na soko, na maganda hayatatoka mlangoni.

"Nguruwe wako, dada, watafutie mpishi mwingine."