Upepo Niliomfungulia Mama Mkwe

Nikianza kusimulia haya mke wangu huondoka sebuleni, kwa hivyo acheni niseme haraka akiwa jikoni. Aibu yenyewe bado ninayo, mzee mzima.

Yote yalianzia Nakuru, miaka ya sabini, nilipoingia sinema kukwepa mvua nikakuta opera ya roki, yaani filamu ambamo hakuna anayeongea, wanaimba mwanzo mpaka mwisho, hata anayeomba chumvi anaiomba kwa gitaa la umeme. Wanaume wamevaa viatu vya visigino virefu, mabega yanametameta, kuna farasi aliyepakwa rangi ya dhahabu (maskini farasi), halafu karibu na mwisho mwimbaji anapanda mnara, upepo mkubwa unakuja, manyoya meupe yanaruka kila mahali, naye anaimba tu, macho ameyafumba. Nilitoka pale miguu haigusi chini. Nikarudi Kericho kwenye kazi yangu ya kunyausha chai kiwandani, kule ghorofani ambako majani mabichi hulazwa juu ya wavu kwenye vihori virefu vya mbao, na feni kubwa huyapuliza hewa kutoka chini. Kila mara feni zikinguruma, ukungu umesimama dirishani na ile harufu tamu ya majani imejaa, mimi nilikuwa juu ya mnara.

Basi gari la sinema likatuletea filamu ile ile. Paa la ukumbi wa wafanyakazi lilikuwa limetobolewa na mvua ya mawe, kwa hivyo meneja akakubali tuonyeshee ghorofani Jumapili alasiri, siku ambayo hakuna majani. Tukaziba madirisha kwa magunia, tukatundika shuka.

Wakati huo nilikuwa nachumbia Kerubo, ambaye wazazi wake walichuma chai shamba hilo hilo, na wazee wetu walikuwa karibu kukutana. Sisi Wakisii mambo ya mama mkwe si mchezo, kuna heshima tunayoiita chinsoni, hata kumkaribia sana ni makosa. Mama Kerubo akaja na gauni lake jeupe la kanisani, pana, na sakafu ilikuwa vumbi la chai tupu, nami kwa kutaka sifa nikamwambia Kerubo amkalishe juu ya kihori cha mbele, kwenye ubao uliolazwa juu ya wavu. Kiti cha heshima kabisa.

Mara ya pili filamu ilikuwa tamu zaidi, kwa sababu nilijua kinachokuja. Mwenzangu Bett akaninong'oneza, "Hawa watu wataongea saa ngapi?" Nikamwambia asubiri upepo. Mwimbaji akaanza kupanda mnara, na mimi, nusu usingizini nusu nimelewa muziki, nikawaza kwa nini watu wauone upepo tu bila kuusikia mwilini. Swichi ilikuwa karibu na bega langu. Nikawasha.

Mwanzoni ilikuwa ndoto yenyewe. Vipande vya majani makavu vilivyobaki kwenye vihori vikapanda vikaelea ndani ya mwanga, watu wakaguna kwa raha, nami nikafumba macho kama yule wa mnarani. Nilipoyafumbua, shuka ilikuwa imefunikwa na kitu kikubwa cheupe, cha duara, na mwimbaji alikuwa anaimba juu yake, mdomo wazi, vizuri sana. Nikadhani ni sehemu niliyoisahau. Kisha kile kitu kikapiga kelele kwa Kikisii.

Gauni la Mama Kerubo lilikuwa limejaa hewa, limemfunika kichwa, na kwaya nzima ya kanisa inatazama. (Petikoti ilikuwepo, Mungu ni mwema.) Bett ndiye aliyezima. "Wewe umefungulia watu upepo ya kunyausha majani?" aliniuliza polepole, kama anayeuliza mgonjwa. Nilikuwa nimeshafika ngazini. Nilikimbia katikati ya chai mpaka mtoni, nikakaa huko nikalia, maana nilijua nimempoteza Kerubo.

Wazee walikutana hata hivyo, ila kwa nyuso za msiba. Mama Kerubo alikaa chumba cha nyuma, akamtuma shemeji yake aniulize swali moja tu: nilifanya makusudi? Baba yangu akanikanyaga mguu niseme feni iliharibika.

Nikasema, "Upepo nilikusudia. Gauni sikukusudia."

Sauti ya Mama Kerubo ikatoka nyuma ya mlango, kwamba nilete mbuzi wa kuondoa aibu, kisha wanaume waendelee na mengine. Kerubo aliniambia baadaye kwamba ningeisingizia feni tu, mama yake angetoka kwa mlango wa nyuma na habari ingeishia hapo.

Kabla miaka ya sabini haijaisha filamu ile ilirudi, safari hii ukumbini, chini ya paa jipya. Nilikuwa nimeshaapa sitagusa tena swichi mbele ya mama mkwe, hata ya taa, na jioni ile niliikalia mikono yangu yote miwili. Yeye alikuwa mbali, mbele kabisa. Mwimbaji akaanza kupanda mnara, ndoto yangu ikaanza kunirudia, na hata manyoya hayajaruka nikamwona mama mkwe, bila kugeuka, akilishika gauni lake magotini kwa mikono miwili, akalikaza.

Na ukumbi ule haukuwa na feni hata moja.