Nilikonda Nikanyamaza

Kabla ya kupasuliwa nilipimwa kwa mizani ya mahindi. Ile ya daktari wangu pale Kitale ilikuwa imegota mwisho, naye alitaka kilo kamili kabla hajanituma Nairobi. Nilikuwa karani wa ghala la mahindi, basi nikapanda pale tulipopimia mizigo ya wakulima. Mpagazi akasoma, akatikisa kichwa.

"Karani, wewe ni gunia na nusu. Na bado hujaanikwa."

Nilicheka naye, ingawa magoti yalikuwa yakiniuma hata nikiwa nimeketi. Sukari ilikuwa imepanda, na daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba kwa mwendo ule sitaona watoto wangu wakioa na kuolewa.

Nairobi walinibana tumbo, wakaniachia kifuko kidogo kinachoshiba kwa vijiko vichache. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na kwetu hakuna aliyewahi kusikia upasuaji wa namna hiyo. Niliona haya. Mwanamume mzima kukatwa tumbo kwa sababu ya ulafi? Nikamwapisha mke wangu asimwambie mtu. Nyumbani Tongaren tukasema nilikuwa nimeenda kozi ya kazi.

Mwaka uliofuata nguo zangu zote zilinipwaya. Nilifurahi, lakini sikuwa nimefikiri vizuri. Miaka ile mtu hakukonda bure. Ukimwi ulikuwa umeingia na tulikuwa tunazika vijana. Watu walinitazama shingo, wakamtazama mke wangu, wakahesabu wenyewe. Akina mama wa kikundi chake cha kanisa wakaacha kuja kwetu. Mmoja alimwuliza kisimani, mbele ya wengine, kama na yeye amepimwa.

"Baba, waambie tu," mke wangu alisema siku hiyo. "Ni mshono, si dhambi."

"Watanicheka."

"Wewe unaogopa kuchekwa. Mimi wananililia nikiwa hai."

Sikuwaambia. Nilitafuta njia yangu. Kwetu busaa hunywewa kwa mirija mirefu kutoka nyungu moja, wazee wameketi duara, polepole, mchana kutwa. Kifuko changu kilikataa ugali na nyama, lakini busaa ilipita bila kizuizi. Ni unga wa mahindi na wimbi uliochachushwa, na mimi ninayeshika mahindi kila siku nilijiambia kwamba kinywaji si chakula. Kilo zikaanza kurudi. Wazee wakapendezwa.

"Sasa umerudi kuwa mtu, bana. Si tulikuwa tumeanza kukuchagulia pahali pa kulala?"

Nami nilipendezwa kuliko wao. Kila kilo iliyorudi niliiona kama cheti cha afya. Halafu kidonda kikatokea mguuni, kikakataa kupona, nikarudi kwa daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, tulikufungia mlango, wewe ukaingilia dirishani," alisema. "Mara ya pili hatuna cha kukata. Kazi iliyobaki ni yako."

Nikaacha nyungu. Nilikula maharagwe yaliyopondwa na mboga za kunde kwenye kisahani cha mtoto, na chai yangu haikuonja sukari. Mguu ulipopona, kila alfajiri nilishika barabara ya Kiminini, nikaenda mpaka jua lichomoze, ndipo nikageuka. Wiki za kwanza nilikuwa na hasira na kila mtu aliyetafuna. Sikuacha. Kilo zikashuka tena, na minong'ono ikarudi.

Ndipo watu wa Bungoma mjini walipokuja kuzungumza mahari ya binti yetu. Nyungu ikawekwa katikati. Kukataa mrija mbele ya wakwe ni kama kuukataa ukoo wao, na kila mtu pale alilijua hilo. Mzee wao alininyooshea mrija.

"Karibu, mkwe. Ama hujisikii vizuri? Maana tumesikia habari."

Binti yetu alikuwa chumba cha ndani akisikia yote. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kuku.

"Mlichosikia si kweli," nikasema. "Nilikatwa tumbo Nairobi kwa sababu nilikuwa mlafi na nilikuwa nakufa. Niliona haya kusema, nikamwacha mama huyu abebe maneno ya watu miaka yote hii. Sitakunywa leo wala kesho. Mkiona nimewatukana, nisameheni."

Yule mzee akaurudisha mrija kwenye nyungu.

"Ati tumbo likakatwa, lakini mdomo wakauacha mzima?" Watu wakacheka, naye akauvuta mrija wake. "Haya. Mtu aliyesema hilo mbele ya wakwe hatatudanganya kuhusu ng'ombe."

Mazungumzo yakaendelea na binti yetu akaolewa. Wageni walipoondoka, mke wangu alikuwa akikusanya sahani. Hakuniangalia.

"Yamechukua dakika moja," alisema. "Hayo maneno."

Jumapili iliyofuata nilimfuata kanisani, nikaomba nafasi ibada ilipokwisha, nikayarudia yote mbele ya kikundi chake, nikimtazama yule wa kisimani. Uzito haujarudi tangu wakati huo, nami bado naulinda kila siku. Ile miaka aliyotengwa mke wangu siwezi kumrudishia.