Kibuyu Nilichojaza Kabla ya Hukumu

Mdogo wangu alipofungwa mara ya kwanza, kwa msokoto mmoja wa bangi, Mama aliweka mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwa mkaa, kwenye kibuyu ili amkaribishe nayo akitoka. Tukamzika Mama kabla hajatoka. Maziwa yale niliyamwaga mimi mwenyewe. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira: mwizi wa ng'ombe anapewa bondi, mtoto wetu ananyimwa mazishi ya mamake!

Basi aliposhikwa tena pale Chepseon, msokoto mmoja tena, nilimwita mjinga wa mwisho, kisha nikalia. Lakini safari hii hakimu alitaka kwanza kujua watu wa nyumbani wanasemaje. Wakimkubali, atatumikia adhabu kwa kazi za jamii huku kwetu Kimulot. Wakimkataa, jela.

Afisa wa probesheni alitukuta kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Nilikuwa nimewaonya akina mama wenzangu wachumaji: semeni ni kijana mzuri, mambo ya bangi msiguse. Weee! Hawa ni watu wa kumwaga majani chini kila siku na kutoa yaliyokomaa, yasiyofaa, mbele ya kila mtu. Kuficha hawajui.

"Anavuta," akaanza mama mmoja, mzee wa kanisa. "Na kuimba hajui, na bado anaimba."

Nilitamani ardhi inimeze. Mwingine akaongeza kwamba mdogo wangu aliwahi kulala kwenye shamba lake la chai mpaka mvua ikamwamsha.

"Sasa mnamtaka ama hamumtaki?" afisa akauliza.

"Kwani nani amesema hatumtaki? Ni wetu! Mlete atutengenezee hii barabara."

Wakacheka, na afisa akacheka huku akiandika.

Alipoondoka tu nikashusha kibuyu cha Mama, nikakipaka mkaa ndani, nikajaza maziwa. Jirani akasema najitafutia mkosi, hakimu hajaamua. Nikamwambia aende achume chai yake.

Na hakimu akamrudisha! Mdogo wangu akanywa akiwa bado mlangoni, midomo myeusi tititi.

"Dada, umezidisha mkaa. Ya Mama hayakuwa hivi."

"Ya mwisho ya Mama niliyamwaga. Kunywa."

Akayanywa yote. Kisha akaninyooshea kikombe nimwongezee, tukakimaliza kibuyu chote, tunalia na kucheka kama wendawazimu. Jumatatu alikuwa barabarani na jembe, anaimba, na akina mama wanapita na vikapu wakimwambia anyamaze.