Siku Kijiji Kilipokwenda Shambani

Hadi leo nikisikia jembe likipiga ardhi asubuhi na mapema, nafunga dirisha. Mnisamehe. Najua kwa wengine ni sauti nzuri, ya watu wenye afya wanaotafuta chakula. Kwangu ni sauti ya siku aliyofariki mama, nikiwa na miaka tisa, kijijini kwetu huko Budondo, si mbali na Jinja.

Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo: njia moja nyekundu, duka la sabuni na mafuta ya taa, kisima, migomba, na miwa iliyosogea mwaka hadi mwaka mpaka nyuma ya vyoo vya watu. Kila mtu alijua mwenzake amepika nini. Na kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyekufundisha, uliikuta tu: msiba ukitokea, hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe. Wanawake wanaleta maji, kuni na ndizi, vijana wanachimba kaburi. Lakini kama mwenye nyumba haonekani kwenye misiba ya wenzake, siku yake ikifika watu wanakwenda shambani.

Baba yangu alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda kimoja mjini Jinja. Alirudi asubuhi kwa baiskeli, akanywa uji, akalala, nasi watoto tukanyata kama wezi. Hata jogoo alifukuzwa akawikie kwa jirani. Maziko kwetu hufanyika alasiri, na alasiri ndiyo saa aliyokuwa akivaa koti lake la kazi, lile lililomfika magotini. Mama ndiye aliyekwenda. Alimenya ndizi katika kila msiba mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Wanaume wa kijiji hawakulijali hilo. Tena baba alikuwa mgeni, Mgisu kutoka Busiu, mbali mashariki, aliyeuza shamba la urithi ili anunue kipande chetu, na Kisoga chake, lugha ya pale kijijini, kilikuwa cha kubahatisha.

Mama aliugua homa siku chache tu, akakata roho alfajiri. Baba, ambaye usiku ule hakwenda kazini, alitoka uani akapiga ukemi wa kuita watu, tukasubiri. Jua likapanda. Kisha tukasikia jembe, upande wa kisimani. Likafuata la pili, la tatu, mpaka kijiji kizima kikawa kinalima, hata wale wavivu ambao hakuna aliyewahi kuwaona shambani. Baba aliwapigia simu ndugu zake Busiu, lakini bado walikuwa na hasira ya lile shamba. Hawakupokea.

Mwenyekiti wa kijiji alipita, akasimama njiani bila kuingia uani. Aliacha Kisoga akatumia Kiswahili, lugha aliyoizoea baba kazini.

"Bwana askari," alisema, "leo uko nyumbani? Leo kazi hakuna?"

Baba alichukua sururu akaanza kuchimba kaburi. Mimi nilimchukia mtu yule kwa chuki ambayo sikujua mtoto anaweza kuibeba.

Mama Babirye, jirani aliyekuwa akicheka na mama kila siku kisimani, alipenya kwenye miwa na ndoo ya maji. Alimwosha mama na kumvika gauni lake la bluu.

"Mwanangu, bwana yangu akijua nilikuja hapa, atanifukuza," aliniambia. Akarudi kwa kupitia kwenye miwa.

Mchana akaja mzee Rajabu, mwanajeshi mstaafu, mjukuu wa askari waliotoka Sudani zamani. Watu walimkwepa kwa sababu ya miaka ya utawala wa jeshi, na yeye aliwakwepa vilevile. Alivua shati, akaingia shimoni na baba. Alichimba kidogo, akakohoa sana.

"Afande, pumzika," baba alimwambia.

"Wewe nyamaza. Bibi yako hawezi lala juu. Chimba!"

Chini ya udongo mwekundu wakakuta mwamba. Waliugonga mpaka jioni, haukutoa kitu zaidi ya cheche, na mvua ikawa inakuja kutoka ziwani. Basi wakamlaza mama hapo walipofika. Mzee aliomba dua yake, baba akaomba ya kwake, tukaingia ndani tukiwa tumelowa.

Baada ya hapo baba aliacha kazi ya kiwanda, nami nikaacha shule. Akawa wa kwanza kufika kwenye kila msiba, hata kule Wanyange ambako hatukumjua mtu. Mama wa mwenyekiti alipofariki, baba ndiye aliyechimba kaburi. Kijiji kikasema amepata akili. Mimi niliona haya, nikamwambia.

"Na nyinyi mtazikwa na nani?" alinijibu.

Na kila baada ya mvua kubwa alikwenda kwenye kaburi la mama na karai la udongo wa kichuguu, akaumwaga, akaushindilia kwa ubao. Kaburi likapanda mwaka hadi mwaka. Niliwaringia wenzangu kwamba baba zao hawajui kupenda, baba yangu anamjengea mama kilima. Walinionea wivu, jambo ambalo halikunitokea mara nyingi.

Baba alifariki mwaka jana. Walikuja wote, na mwenyekiti aliyezeeka akakaa kiti cha mbele. Niliwapa chai, lakini moyo haukutaka. Vijana walichimba kando ya mama, wengi, wakipokezana sururu, na mwamba uleule ukawavunjikia. Nilipowapelekea maji sikuona mtu, niliona udongo tu ukirushwa kutoka chini. Nikachungulia. Walikuwa wamezama kupita vichwa vyao.

"Si mmechimba sana?" niliuliza.

"Hapana, dada. Kaburi ni hivi," mmoja alinijibu. "Ikiwa fupi, mvua inafukua. Mbwa nayo inafukua."

Nikageuka kukitazama kilima cha mama. Jioni ile tulipomzika, baba alisimama ndani ya kaburi la mama, na kutoka mlangoni niliuona mkanda wa suruali yake wote. Kila mvua iliponyesha, miaka yote ile, baba alikuwa bado anamzika mama.