Bwawa Walilonifyekea

Nilitoka mjini Baraka kwa sababu ya kipepeo mmoja. Mabawa yake ya nyuma ni mekundu, ya mbele yanapitisha mwanga. Ukiweka kidole nyuma yake unauona ukucha wako. Kwa miaka mitatu nilimkuta mahali pamoja tu, kwenye kona ya bwawa dogo la maji ya bomba juu ya kijiji cha Lweba. Hapo hutaga mayai kwenye kamba moja ya porini, mmea unaotambaa, na kwingine sijamwona. Nilitaka kujua kama bado yupo. Mwalimu mwenzangu tuliyeanza naye daftari la vipepeo alihamia Kalemie, na tangu hapo naandika, nafunga, naweka kabatini. Hakuna anayeniuliza niliona nini.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki. Dereva aliuliza nauza nini. Nikamwambia naenda kuangalia vipepeo. Alicheka mpaka pikipiki ikayumba.

"Mwalimu, Baraka hakuna bipepeo?"

Nilinuna hadi Lweba.

Lweba, saa mbili. Mama Riziki, msimamizi wa maji, alinipokea kwa ugali wa muhogo na ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa nimemtumia ujumbe mfupi: nakuja kuangalia bwawa. Alinitazama nikila huku akitabasamu peke yake, nami sikuuliza kwa nini.

Tulipanda naye kilima karibu nusu saa. Nilipofika juu nilisimama. Kandokando yote ya bwawa palikuwa pamefyekwa! Udongo mtupu kuanzia ukingoni mpaka kwenye mawe, umefagiwa kama uwanja wa kanisa siku ya Noeli.

"Tulifanya salongo, kazi ya bote, juu yako, mwalimu. Bamama bote, hata bale bakimbizi ba Burundi. Siku mbili! Kila mwaka unapitaka mu majani mpaka kiuno. Tukasema, nyoka itatuulia mugeni."

Akanifungulia viganja. Vilikuwa na malengelenge. Nilitaka kupiga kelele, wallahi nilitaka, lakini nikasema, "Aksanti sana, Mama."

Hadi saa sita nilikaa juu ya jiwe. Walikuja vipepeo weupe, wakaja wa manjano, wakanywa kwenye tope. Wangu hakuja. Sijawahi kujisikia mpweke vile, na yule mama ameketi hatua mbili tu kutoka kwangu.

"Mwalimu, haukufurahi?"

Ndipo nikamweleza: bawa, ukucha, kamba, mayai.

"Ile kamba ya kona? Aka! Tuliichoma jana." Akajifuta uso kwa kitenge. "Miaka tatu unapitaka mbele ya nyumba yangu. Unasalimia, unapanda, unashuka. Juu ya nini haukusemaka?"

Niliogopa kuchekwa, basi.

Tulizunguka naye bwawa zima, yeye ameinama kuliko mimi, tukitafuta hata jani moja la ile kamba. Hatukupata.

Saa tisa nilianza safari ya kurudi na dereva yuleyule. Njiani nilifikiri jinsi nilivyojiona mimi peke yangu ndiye ninayejali mahali pale. Kumbe watu walikuwa wakinihesabia hatua zangu majanini, nami sikuwaambia hata kitu kimoja nilichokipenda.

"Mwalimu, uliwaona?" dereva aliuliza, kicheko kikiwa tayari mdomoni.

"Wangu hapana," nikasema, nikaanza kumweleza tangu mwanzo. Hakucheka. Nilimweleza mpaka Baraka, nikiwa nimechelewa miaka mitatu.