Kilima cha Kapembe kwa Baiskeli

Jumamosi, 6 Septemba 1952, siku ya kuondoka. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limetanda mpaka jua linaonekana kama sahani ya shaba isiyooshwa, na mvua ni habari ya watu wengine.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa chama cha baiskeli hapa Kanyenye, Tabora, ambao ndio walionituma, na kwa ajili ya yeyote mwingine aliyekosa kitu bora cha kusoma. Shule niliishia darasa la nne. Mimi ni fundi cherehani; nguo nikiikosea naifumua, lakini maneno yaliyokwisha kuandikwa sijui yanafumuliwaje. Kwa hiyo nikikosea mahali, naomba radhi mapema.

Sababu ya safari ni hii. Vijana wa Kigoma walitaka kushindana nasi mbio za kupanda mlima. Wakamtuma mwenzao Ramadhani, anayefanya kazi kwenye treni, aje tuzungumze, na mazungumzo yakafanyika barazani kwangu. Ramadhani alisema mbio zifanyike kwao, kwa sababu Tabora hakuna mlima. Tabora, alisema, ni meza iliyosahauliwa uani. Hapo baba yangu, Mzee Mihambo, akasema mlima upo. Baba alikuwa mpagazi zamani, kabla reli haijafika, na sote nyumbani tumekua na hadithi yake ya Kilima cha Kapembe, kule mbele ya Ipole, kwenye njia ya zamani ya misafara iendayo Karema. Wanaume wazima walitua mizigo yao pale na kulia. Yeye Mihambo, na robota la nguo begani, hakutua.

Ramadhani alisikiliza mpaka mwisho. Kwa haki yake lazima niseme alikuwa ameamkia vizuri na alikaa chini ya wazee. Kisha akasema, "Mzee wangu, usinielewe vibaya. Mpagazi akishachoka, hata kichuguu kwake ni mlima."

Watu walicheka. Baba aliinuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajakaa barazani. Chakula anakula chumbani. Hadithi hasimulii tena, hata kwa wajukuu wanaomwomba.

Mwenyekiti wetu, Bwana Yeremia fundi baiskeli, akaamua kwamba mmoja wetu aende Kapembe akakitazame hicho kilima. Kikiwepo, mbio ni huku. Kisipokuwepo, tutapanda treni kwenda kuaibikia Kigoma. Mkutano ulinichagua mimi kwa kauli moja, maana ni mimi peke yangu niliyekuwa sijafungua mdomo.

Asubuhi ya kuondoka mke wangu, Kalunde, alinifungia karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. "Unakwenda kutafuta mlima," alisema. "Waume wa wenzangu wakitafuta kitu, hutafuta ng'ombe."

Baba alikuja mpaka mlangoni, asivuke kizingiti. Alizitazama tairi, akanitazama mimi, akarudi ndani. Nilijua anangoja nini. Nilijua pia kwamba macho yangu hayajui kusema uongo, kasoro ambayo imeniharibia biashara mara nyingi.

Barabara ya Sikonge ni nzuri sana kwa mtu anayependa kutembea kwa miguu huku ameshika baiskeli. Mchanga umejaa mpaka rimu zinazama, na pasipo na mchanga kuna makorongo madogo madogo yanayokugonganisha meno. Kwa kuwa nilitumwa kutafuta milima, kila penye dalili ya mwinuko nilishuka nikatazama. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimegundua milima mitatu: miwili ilikuwa vichuguu, na wa tatu lilikuwa rundo la kokoto za serikali.

Kwenye kizuizi cha ndorobo nilisimamishwa. Kwa wasiojua, hapo hukaa mlinzi mwenye wavu, na kila mpita njia hukaguliwa asije akabeba wale nzi wa malale kutoka porini na kuwapeleka mjini. Mlinzi alikuwa Mzaramo. Aliponisikia nikiamkia tu, uso ukamng'aa, maana hakuwa amepata mtani tangu asubuhi.

"Mnyamwezi," alisema, "leo mzigo uko wapi? Au siku hizi mnabeba upepo?"

"Leo sibebi. Natafuta mlima."

"Ulipotea lini?"

Nilimweleza habari yote. Alizungusha wavu wake chini ya kiti, kwenye spoki, nyuma ya mgongo wangu, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza starehe. "Mlima," alisema. "Kwenu huku mtu akisimama juu ya kinu anauona mji wote. Ungesema mapema ungebebewa mmoja kutoka Morogoro."

"Na nani? Mzaramo na kubeba mzigo wapi na wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamkamata ndorobo mmoja shingoni kwangu, akanionyesha. "Huyu alikuwa anasafiri bure."

"Nauli amechukua kwa damu," nilisema.

Aliniruhusu nipite. Sijui kama nilimshinda. Njiani niliyakumbuka majibu mengine mazuri zaidi, lakini mtani alikuwa nyuma na mchanga ulikuwa mbele.

Sikonge nilifika jioni, nikalala kwa mjomba wake Kalunde, Mzee Zakaria, ambaye ni mzee wa kanisa la Moravian. Nilikuwa na nia ya kuondoka kukipambazuka.

"Kesho Jumapili," alisema.

"Ndiyo, Mjomba, lakini kilima..."

"Kilima kimekaa hapo tangu Mungu alipokiumba. Ibada kitaisubiri."

Ibada ilikuwa fupi, kwa mtu asiye na mahali pa kwenda. Mhubiri alizungumzia watu wanaohangaika na dunia. Mara mbili alinitazama. Labda alitazama mlango uliokuwa nyuma yangu, sitaki kumsingizia. Nilipotoka jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na Mzee Zakaria akanikalisha kwa chakula, kisha kwa maongezi, kisha kwa usiku wa pili.

Jumatatu nilipita Ipole mapema. Wafuga nyuki walikuwa wanashusha mizinga ya magome, na kila niliyemuuliza Kapembe aliniambia ni hapo mbele. Njia ya misafara imebaki ujia mwembamba ndani ya miyombo. Nilipita bonde lenye mbuga iliyokauka, nikawaona wanawake kisimani, nikawapungia mkono, nikaendelea. Njia iliinuka kidogo. Nilikanyaga pedeli, nikaimba wimbo mmoja wa kwaya ya jana, na kabla haujaisha nikatokea kwenye kijiji.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa anapepeta mtama mbele ya nyumba. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Watokea wapi?"

"Tabora, Mama. Mimi ni mtoto wa Mihambo aliyekuwa mpagazi. Nakitafuta Kilima cha Kapembe."

Aliacha kupepeta. Jina lake Mama Nyanzala, na marehemu mumewe alikuwa mpagazi pia, aliyeishia kuoa hapo na kuacha safari. Habari za Mihambo alizisikia kwa mumewe. Akanikaribisha kigoda, akaniuliza hali ya baba, macho, miguu, kikohozi, yote. Kisha akasema, "Kilima umekwisha kukipanda. Uko juu yake."

Nilitazama nyuma. Niliuona mteremko ambao mtoto angeteleza juu yake asipate hata mchubuko. Ndugu wasomaji, kile si kilima. Ni ardhi iliyovuta pumzi kidogo. Nilikaa nikaitazama mikono yangu, nikamwona Ramadhani akiamkia kwa adabu, kisha akicheka, kisha nikamwona baba na kigoda chake kule chumbani. Ningesema nini nikifika? Kwamba mlima upo, watu wa Kigoma waje waupande wakiimba? Au kwamba haupo, na baba akae chumbani mpaka siku tutakapomtoa kwa machela?

Mama Nyanzala alikuwa anaitazama baiskeli yangu, keria yake. "Umepanda mikono mitupu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya wanawake kisimani?"

"Niliwapungia mkono."

Aliguna. Ndipo nikafahamishwa desturi ya Kapembe. Maji yako bondeni na kijiji kiko juu, kwa sababu masika mbuga yote hugeuka ziwa. Kwa hiyo hakuna apandaye mtupu, awe mwenyeji, mgeni, padri au karani wa kodi. Apitaye kisimani huchukua maji na kuyafikisha juu, kwa nyumba yoyote. Misafara ilikuwa ikifanya hivyo tangu zamani, wapagazi wakiongeza mtungi juu ya mzigo walio nao. Asiyefanya hupewa chakula, maana mgeni ni mgeni, lakini hutajwa kisimani miaka mingi. Mama Nyanzala alinitajia wawili kama mfano. Mmoja alikuwa Mwarabu aliyepita kabla Mama Nyanzala mwenyewe hajazaliwa.

Nilishuka tena. Kisimani wanawake walikuwa wananingoja kwa furaha isiyofichika.

"Karibu, shemeji. Tulidhani mikono imefungwa na wachawi."

"Mwacheni, ana baiskeli. Maji yatapanda yenyewe."

Walinijazia debe, wakatupia majani juu yasimwagike, wakalifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Kisha wakajitwisha ya kwao wakatangulia, wakizungumza habari za ndoa ya mtu.

Sasa ardhi ile ile niliyoipanda nikiimba ikaanza kunionyesha tabia yake. Debe lilinivuta nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi, linageuka linakotaka. Mchanga ambao mwanzo niliupita juu juu ukanishika tairi kama mdai. Nilisimama juu ya pedeli, cheni ikalia. Hatua chache mbele nikaanguka. Nikainuka, maji yamepungua, nikapanda tena. Nikaanguka upande wa pili, kwa usawa. Mwishowe nikashuka nikasukuma, na hata kusukuma kukanishinda, mpaka nikafika penye mninga wenye panda kubwa usawa wa bega. Hapo niliegemeza baiskeli, nikashika magoti, na machozi yakanitoka. Labda ni jasho. Siwezi kuapa.

Panda ile ilikuwa laini, imeng'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nilipitisha mkono. Halikuwa gome tena. Lilikuwa limesuguliwa na vitu vizito, vingi, kwa miaka mingi.

Nilipofika juu Mama Nyanzala alipokea debe, akalitazama, likiwa zaidi kidogo ya nusu. Alinipa kata nikanywa.

"Mama," nilisema, "pale kwenye mninga, wapagazi walikuwa wanatua?"

"Kila mtu hutua pale. Ndiyo kazi ya ule mti."

"Hata baba yangu?"

"Kunywa maji, mwanangu," alisema.

Jumanne nilipata lori la nta likitoka Ipole. Nililala juu ya magunia na baiskeli yangu pembeni, na kilikuwa kipande cha safari nilichokipanda vizuri kuliko vyote.

Kanyenye nilipitia kwanza kwa Bwana Yeremia, nikamweleza kwa haki pande zote mbili. Kwamba kwa mtu mtupu Kapembe si kitu, na Ramadhani hakukosea. Kwamba kwa mtu mwenye debe la maji Kapembe ni mlima ulionishinda, na baba naye hakukosea.

Bwana Yeremia alikuwa na kopo la gundi mkononi. Alifikiri. "Basi kila mshindani na debe lake," alisema. "Atakayefika na maji mengi mapema ndiye mshindi. Na asemaye si mlima, tutamsikiliza akishafika juu."

"Wa Kigoma watakataa."

"Wakikataa desturi ya kijiji watatajwa kisimani. Hilo si juu yetu."

Nyumbani nilifika jua linatua. Kalunde alipokea baiskeli, akaona magoti yangu, akaenda kuweka maji ya moto bila kuuliza kitu. Nilikwenda mlangoni kwa baba. Alikuwa amekaa kigodani, mgongo ukutani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umefika?"

"Nimefika. Nilipanda na maji. Kimenishinda, Baba. Nimetua."

Niliogopa nimesema vibaya. Kisha akauliza, "Ule mninga bado una panda zote mbili?"

Sikuwa nimetaja mninga. "Zote mbili."

"Ulitua kwenye ya kulia?"

"Niliegemeza baiskeli chini yake, Baba."

"Ya kulia ndiyo nzuri," alisema. "Ya kushoto inateleza." Alinitazama muda, kama anangoja niulize jambo. Sikuuliza. Akainuka, akakibeba kigoda chake mkononi, akavuka kizingiti.

Nilichojifunza ni kidogo, na sina hakika nacho: mlima usiupime mpaka umeubebea kitu. Huenda Ramadhani ana fundisho bora zaidi. Mwezi ujao tutamuuliza akiwa na debe.

Usiku huo tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga, na baada yake matobolwa yaliyorudi nami safarini, tukichovya kwenye asali aliyotufungia Mama Nyanzala. Chakula chote tulikilia barazani, na baba kigodani pake.