Risasi Ishirini na Tano za Argia

Castelrovere nzima, kule milimani Italia, na hata vijiji vya bondeni, hapakuwa na mkono uliosifiwa kama mkono wa Argia Bortolotti. Kwa miaka arobaini na mmoja alikunja tortellini, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, katika duka la pale uwanjani, na mizani hakuigusa hata siku moja. Unga aliuchota kwa kiganja, nyama aliimega kwa vidole, na ukizipanga tortellini zake mia moja mezani ungedhani zimezaliwa na mama mmoja. Argia mwenyewe alilijua hilo, wala hakuona sababu ya kujifanya halijui.

Mama yake, Desolina, alipofariki, kaka zake walitaka nyumba na shamba. Argia alitaka bunduki. Ilikuwa ya mitutu miwili, nyembamba, nyepesi, na Desolina aliingia nayo msituni enzi zile wanaume wakidai kwamba ndege wakiona sketi wanahama mlima. Kibali Argia alikuwa nacho tangu ujana wake. Kilichokosekana ni risasi. Bunduki ile ilikuwa ya kaliba ishirini na nne, yaani mtutu mwembamba, nao watu wote siku hizi hutumia kumi na mbili. Ndani ya sanduku la marehemu zilibaki nne tu.

"Hizi hata kiwandani wamezisahau, mama," muuza silaha wa mjini alimwambia. "Maganda matupu ninayo. Ukitaka risasi, jitengenezee."

"Nijitengenezee mimi?"

"Si mnaye Medardo huko kwenu? Mwambie akufundishe."

Medardo Zecchini alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, mgane, mtu wa maneno machache. Stoo yake nyuma ya nyumba ilifagiliwa kuliko sebule za watu. Argia alifika Jumatatu asubuhi, mumewe Loris akimfuata nyuma na sigara mdomoni.

"Loris, wewe baki uani," Medardo alisema.

"Mimi nimekuja kuhakikisha mke wangu halipuki tu, mzee."

"Basi hakikisha ukiwa uani. Na simu yako, Argia, mpe aishike."

Akamwonyesha kazi polepole. Kwanza kiwashio, kile kidude cha shaba kinachogongwa na bunduki, kinakaa kwenye kitako cha ganda. Halafu baruti. Juu yake kizibo, juu ya kizibo marisau, zile punje za risasi, kisha mdomo wa ganda unakunjwa ndani. Baruti ya aina moja tu mezani, nyingine zote kabatini. Ukutani palitundikwa jedwali la vipimo la watengenezaji wa baruti.

"Hili ndilo linalosema," Medardo alisema akiligonga kwa kidole. "Si mimi, si wewe, wala si jamaa fulani wa pale baa."

Argia alipofika kwenye kukunja mdomo wa ganda, mzee alisogeza miwani. Mikunjo sita ilikutana katikati, myororo, bila ufa. Yeye mwenyewe ilimchukua msimu mzima kuipata. Akamwazima mashine yake ya zamani ya mkono, na mizani ndogo ndani ya kasha la mbao.

Kesho yake Argia alimaliza risasi ishirini na tano kabla ya chakula cha mchana. Alizipanga kwenye boksi la keki, akazifunga utepe, akazipeleka.

Medardo hakusifia utepe. Alichukua tatu, akazifungua moja moja, akaimwaga baruti kwenye mizani. Ya kwanza pungufu. Ya pili imezidi. Ya tatu imezidi zaidi.

"Umepimia nini?"

"Kijiko. Na mkono wangu."

"Mizani niliyokupa?"

"Iko kwenye kasha lake. Medardo, mkono huu umekulisha kila Krismasi tangu marehemu mkeo atuache."

"Na umenilisha vizuri. Tortellini ikizidi nyama, nalamba vidole. Hii ikizidi, vidole vya kulamba sina." Akamrudishia boksi. "Hizi hazipigwi. Wala na wewe, wala na mtu yeyote."

Argia alirudi nyumbani uso umemwiva kama nyanya. Alipika akizigonga sufuria. Loris alionja, akaweka uma chini taratibu.

"Leo chumvi imezidi kidogo, mke wangu."

"Kaipime basi!"

Mchana ule ule alizifungua zote. Hasira ilimpeleka hadi risasi ya sita hivi, halafu ikamwishia njiani, maana alikuwa ameanza kuziweka baruti zake kwenye mizani, moja baada ya nyingine, na mizani haikuwa na chuki naye. Mkono wake haukukosea sana. Ulikosea kidogo, kila mara. Kwenye unga, kidogo kile hakina jina. Hapa kilikuwa na jina, na jedwali lilikiandika.

Alianza upya siku iliyofuata. Sasa kila kipimo kilipita mizanini, na kila ganda alilimulika ndani kabla ya kutia kizibo. Yalikuwa yamesimama kumi na moja kwenye trei, yana baruti, hayajazibwa, kengele ya mlango ilipolia. Alikuwa jirani, ameleta mayai, na jirani huyo haondoki bila habari. Argia aliporudi mezani alisimama akilitazama ganda la mwisho. Je, alilijaza mara moja au mara mbili?

Akalimulika. Lilionekana sawa. Kwa jicho lake, jicho la miaka arobaini na mmoja, lilikuwa sawa kabisa, na angeweza kuapa.

Nyumba ilikuwa tupu, Loris yuko bustanini. Hakuna ambaye angejua. Argia akavuta kiti, akamwaga baruti ya ganda lile, kisha ya lililofuata, kisha ya yote kumi na moja, akaanza tena tangu mwanzo. Alijishangaa kwamba hakuwa na uchungu. Mgongo wake ulinyooka wenyewe, kama siku ile mwenye duka alipomkabidhi funguo mara ya kwanza.

Kazi ilichukua siku tatu. Safari hii hakufunga utepe.

Medardo alifungua tatu. Akafungua mbili zaidi.

"Hii ya tano je?" Argia aliuliza.

"Ndugu yao." Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Zijaze tena hizi tano, hapa hapa, kwenye meza yangu. Jumapili twende."

Jumapili uwanja wa shabaha ulijaa, na Gualtiero muuza nyama alimwona kwa mbali.

"Argia! Umetuletea risasi au tortellini?"

"Vyote viwili. Tortellini utakula. Risasi utatazama tu, usije ukavimbiwa."

Wakacheka. Medardo akaikagua mitutu, akampa bunduki, akarudi nyuma. Kisahani cha kwanza cha udongo kiliruka kushoto, kikapasuka vipande. Cha pili kikamponyoka. Cha tatu kikageuka vumbi. Bunduki ya Desolina ilimsukuma begani kwa upole ule ule kila mara, na mlio wake haukubadilika. Alipomaliza alikuwa amevunja kumi na tisa. Gualtiero alivunja ishirini na mbili kwa risasi za dukani, naye akalitangaza hilo kwa sauti.

Lakini Medardo alikuwa amesimama muda wote amefumba macho, akisikiliza.

"Mimi nilikuwa natafuta ipi ya kwanza na ipi ya mwisho," aliwaambia wanaume, "na sikuzijua. Zako, Gualtiero, nilizijua mbili kwa mlio."

Gualtiero akaliinua boksi lake la dukani kulisoma. Argia hakumtazama hata. Alikuwa amekwishainama akiokota maganda nyasini. Loris akainama kumsaidia, na vijana wawili wa klabu wakakimbilia na ndoo ya takataka.

"Ondoeni ndoo yenu," aliwaambia. "Hayo ni yangu, na kesho asubuhi yana kazi."